Kumbukumbu za uzazi wa kobe: daftari limenishinda, Excel imenichanganya. Nitumie programu gani?

mhasibu_wa_pongwe

Habari za jioni wakuu, na wakubwa wote shikamooni.

Swali langu ni refu kidogo, nivumilieni. Niko Pongwe, nje ya Tanga mjini, njia ya Muheza. Kwa elimu mimi ni mhasibu, nilikuwa nashika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani. Mwaka 2021 mjomba akanipigia: babu mdogo, aliyekuwa akiwatunza kobe wake tangu 1998, macho yameanza kumkatalia, na kwenye ukoo mzima mtu anayeweza kukaa na madaftari bila kusinzia ni mimi. Nikaja kwa mwezi mmoja. Bado nipo.

Bustani ni ndogo, ina kibali, na ina kobe wa aina moja tu, yule mkubwa wa porini mwenye madoadoa, Stigmochelys pardalis. Zamani biashara ilikuwa kuzalisha na kuuza nje. Tangu serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016 tunaishi kwa viingilio vya wanafunzi na wageni wanaopita kwenda hifadhi ya msitu ya Amani. Lakini kobe hawakusoma tangazo. Wanataga kama kawaida, na kila anayetoka ardhini lazima awe na karatasi inayosema ni wa nani.

Karatasi zenyewe ni kaunta buku tatu. La kwanza ni 1998 mpaka 2007, mchwa wamelila pembeni. La pili limemwagikiwa mafuta ya taa kurasa kumi na kitu. La tatu ndilo zima. Babu ana mwandiko mzuri wa shule ya zamani, ila aliandika kama mtu anayejikumbusha mwenyewe, hakuwa anamwandikia mtu mwingine. Hii hapa ya 2011, naikopi kama ilivyo: "Sikitu kataga leo jioni karibu na mpera, 11, Kibiongo yumo." Basi, kamaliza. Kibiongo yumo! Yumo wapi? Ndiye baba wa mayai, au alikuwa anapita tu? Mwaka upo juu ya ukurasa. Tarehe lazima uhesabu kurudi nyuma mpaka pale alipoandika "Idi Mosi".

Mwaka jana walikuja wakaguzi. Watu waungwana, wakanywa chai, halafu wakasema haya, tuonyeshe wazazi wa hawa wadogo kumi na saba. Nikaonyesha wa saba. Wanane walikuwa na mama bila baba, na wawili waliobaki walikuwa na mama wawili kila mmoja. Aibu hiyo mhasibu anaijua: unafunga mwezi, vitabu havikubaliani, na aliyevishika ni wewe.

Nikasema sasa naingia Excel. Kompyuta yangu ni ya mtumba, ila inafanya kazi. Mpango ulikuwa kila jike awe na namba, na kila yai lake la msimu huo liwe na namba, naziunga kwa kistari. Yai la tano la jike namba 3 ni 3-5. Nikaandika 3-5, nikabonyeza Enter, ikatokea 5-Mar. Nikafuta, nikaandika tena. 5-Mar. Nikadhani ni kidole, nikaendelea kuteremka, na kwa kuwa macho yalikuwa kwenye daftari sikutazama kioo mpaka nimemaliza majike wanane. Yai la 32 la jike huyohuyo limekuwa Mar-32, na ukibonyeza juu yake unaambiwa tarehe 1 Machi 1932. Yai la enzi za Mwingereza! Nilipomsomea babu alicheka mpaka akashika ubavu, akasema hilo limeshakuwa jiwe.

Halafu chipu. Kobe wakubwa wote 41 wana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, yenye namba ya tarakimu 15. Excel ikaziandika zote 9.0E+14. Mimi nisijue kitu, nikahifadhi faili kama CSV, yaani maandishi matupu, nimtumie binamu yangu Dodoma anisaidie. Alipolifungua, kobe wote 41 wana namba ileile moja inayoishia masifuri. Kwa hesabu ya kompyuta nina kobe mmoja aliyejirudia mara 41.

Programu za simu nimejaribu mbili, za wafugaji wa nyoka wa Ulaya na Marekani. Moja inaniuliza chatu wangu ni wa rangi gani na mara ya mwisho alikula panya lini. Nyingine inataka intaneti muda wote, na bando langu mnalijua. Zaidi ya hapo, anayewaona kobe saa kumi na moja jioni wakichimba si mimi, ni kijana wa zamu, na simu yake ni kitochi.

Nimesikia pia kuhusu ZIMS, programu ya kumbukumbu ya mabustani makubwa ya wanyama. Inafaa kwa watu kama sisi? Jike akiwa zizi moja na madume wawili, kwenye nafasi ya baba naandika nini? Na hii miaka ishirini ya "Kibiongo yumo", naiingizaje bila kuigeuza uongo?

Natanguliza shukrani.

kuku_wa_kienyeji

Dada, kobe anamzika mfugaji wake, wewe unataka programu ambayo mwenye nayo atafunga ofisi baada ya miaka mitano. Baki na daftari. Kule Changuu, Zanzibar, umri wameuandika kwa rangi mgongoni mwa kobe na maisha yanaendelea.

mzee_wa_ruvu

Marahaba binti. Mimi nimefanya kazi na mamba miaka mingi upande huu wa Bagamoyo, sasa nimestaafu, nalima mananasi Kiwangwa. Kobe sikufuga, lakini karatasi zao na za mamba ni ndugu.

Wakaguzi hawakuuliza wazazi kwa kukuchokoza. Chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kila mnyama anayevuka mpaka anapewa herufi ya asili yake. W ni wa porini. R ni yule ambaye yai lake au yeye mwenyewe akiwa mdogo alichukuliwa porini, akalelewa; hao ndio waliokuwa mamba wetu, tulikusanya mayai mtoni kwa kibali. C ni aliyezaliwa kwenye ufugaji, wazazi wakapandana humohumo, wazazi hao walipatikana kihalali, na ufugaji umeshatoa kizazi cha pili au umethibitika kwamba unaweza kukitoa. F ni aliyezaliwa kwenye ufugaji lakini masharti ya C hajayatimiza, kwa mfano wewe una kizazi cha kwanza tu. Umshike C mkono huu na F mkono huu, gamba ni lilelile. Tofauti yao imo kwenye kitabu chako. Mlango wa kuuza nje ukifunguliwa kesho au usifunguliwe, mwenye kitabu kibovu ana kobe wasio na kwao.

Na ushukuru una hao wa madoadoa tu, wako Kiambatisho cha Pili cha mkataba, cha wanaouzwa kwa kibali. Yule bapa kama chapati anayejibana kwenye nyufa za miamba, Malacochersus tornieri, nchi wanachama zilimpandisha Kiambatisho cha Kwanza, cha walio hatarini zaidi, mwaka 2019, na anataga yai moja moja. Ukikosea kuandika tago moja, yaani mayai ya mara moja, umepoteza mtoto mzima.

ZIMS ni ya mtandaoni, ya shirika la Species360, ambalo zamani liliitwa ISIS. Taasisi zaidi ya 1,000 duniani zinaitumia, zinajiunga kwa ada. Kabla yake tulisikia habari za SPARKS, programu yao ya zamani ya kitabu cha ukoo. Uzuri wake ni kwamba mnyama akihama bustani, kumbukumbu zake zinamfuata. Wako hawahami. Utakuwa umenunua lori la kubebea ndoo.

Ila adabu zao zichukue, ni za bure. Idadi wanaandika madume, nukta, majike, nukta, wasiojulikana jinsia. Ukiandika 14.27.17, mtu wa Tokyo na wa Berlin wanasoma kitu kimoja. Na namba ya marehemu haigawiwi tena, hata zije karne tatu. Jina mpe umpendaye. Namba inazikwa na mwenyewe.

La mwisho, lisilohusu kompyuta. Yai likishatagwa usiligeuze. Kijusi kinajishikiza juu, ukiligeuza unakizamisha. Weka alama ya penseli upande wa juu kabla hujalinyanyua, na namba ya yai iandike hapohapo kwa penseli. Na joto la shimo liandike kila siku, maana ndilo linaloamua dume au jike. Kwetu mamba wa nyuzi 32 na 33 walitoka madume wengi, chini ya 31 majike. Kobe wako baridi inaleta madume, joto majike.

fundi_jedwali

Dada mhasibu, pole, lakini nimecheka hiyo 1932.

Niko Chumbageni, natengeneza kompyuta. Usione aibu. Wanasayansi wa jeni za binadamu waliteswa na jambo hilohilo. Walikuwa na jeni zenye majina kama MARCH1 na SEPT1, Excel inazigeuza tarehe, na mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni ikaamua kubadili majina. Maprofesa walishindwa kuibadili Excel wakabadili jeni.

Kwanza okoa ulichonacho. USIBADILISHE visanduku hivyo kuwa maandishi sasa hivi, ukifanya hivyo 5-Mar inageuka 45356, maana kwa Excel tarehe ni hesabu ya siku tangu mwanzo wa 1900. Fungua kolamu mpya pembeni, itoe mwezi na siku kwa fomyula, mwezi ndio jike, siku ndio yai. Zile zilizokwenda 1932 mwezi ni jike na tarakimu mbili za mwisho za mwaka ndio yai. Na angalia jike namba 13 kwenda juu, kompyuta yako imekosa mwezi wa 13 ikageuza ikaanza na siku, kwa hiyo 14-2 yako imekuwa 14-Feb, na hapo siku ndio jike. Zipitie kwa jicho, usiamini fomyula peke yake.

Halafu anza upya hivi. Chagua kolamu nzima, ifanye kuwa ya maandishi KABLA hujaandika chochote. Namba zote zianze na herufi. Kobe ni K03, tago ni T0118, yai ni T0118Y05. Excel haiwezi kuikosea T ikadhani ni mwezi. Chipu nayo ni maandishi, hujawahi kuijumlisha wala hutaijumlisha. Ile CSV ifute, tarakimu zake hazirudi, zisome tena kwa mashine. Tarehe andika 2024-03-05, mwaka mbele, ndiyo pekee ambayo Mmarekani na Mtanga hawataigombania.

Na usifanye karatasi moja kubwa kila kobe na mstari wake halafu unafuta uzito wa zamani unaweka mpya. Fanya tatu. WANYAMA: mstari mmoja kwa kobe, vitu visivyobadilika tu. MATUKIO: kila jambo mstari wake, tarehe, kobe, nini, ameona nani. MATAGO: mama, mayai mangapi, yalitotolewa mangapi. Wewe mhasibu unajua, hiyo ya pili ni jono, kitabu cha kuandika kila jambo siku lilipotokea, haifutwi, ukikosea unaandika mstari wa kusahihisha.

LibreOffice, ndugu yake Excel, ni ya bure, inatosha kabisa. Ukipata simu nyingine ya tachi, ODK Collect inajaza fomu bila intaneti, inatuma ukifika kwenye mtandao, na maswali unayaandika Kiswahili mwenyewe. Kijana wa kitochi akutumie SMS. SMS ina tarehe na saa tayari, hiyo nayo ni risiti.

mhasibu_wa_pongwe

Kaka umeniua na hiyo jono. Siku zote nilikuwa naandika mizania kila siku na kuifuta ya jana, halafu nashangaa vitabu havikubaliani. Dukani ningefukuzwa.

Mzee wa Ruvu, shikamoo tena. Penseli nimenunua leo, pakiti nzima.

Swali la baba bado.

daktari_wa_ng'ombe_na_wengineo

Dada, hilo la baba ndilo nililokuja kujibu. Mimi ni wa mifugo, kobe naletewa mara mojamoja, lakini hili usiruhusu mtu akudanganye: kukaa zizi moja siyo ubaba. Na kumwona dume juu ya jike wiki iliyopita siyo ubaba pia. Majike wa kobe wanatunza mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu. Kwa kobe wa Marekani ya Kaskazini wa jenasi Terrapene imeonekana jike anataga mayai yenye rutuba miaka minne baada ya kutenganishwa na dume. Nyoka na vinyonga nao wana tabia hiyo. Kwa hiyo unaweza kumtoa Kibiongo zizini leo, ukamweka mwingine, na msimu ujao na unaofuata watoto wakawa wa Kibiongo.

Kwenye kolamu ya baba usiandike jina moja mpaka uwe na sababu. Andika wote waliowezekana: "K01 au K05". Kama jike aliletwa mtu mzima na hujui alikotoka, andika "K01, K05, au wa kabla". Inaonekana ovyo, lakini mkaguzi anayejua kazi yake ataiamini hiyo kuliko safu nzima ya ubaba wa uhakika. Ukitaka jina moja kweli, dume mmoja kwa majike waliokulia peke yao, tangu wakiwa wadogo.

Na hesabu ya kizazi usiifanye kichwani, ifuate kutoka kwa wazazi. Mzazi mmoja akiwa wa porini, mtoto ni kizazi cha kwanza hata mzazi wa pili awe kitukuu.

Wadogo hawafai chipu bado. Wapige picha gamba la tumbo, juu ya karatasi yenye namba na rula pembeni, rudia kila mwaka kwa sababu mchoro unabadilika wanapokua. Pima uzito kwa mzani uleule siku ileile ya mwezi. Rangi mgongoni achana nayo, gamba linakua kwenye maungio, na rangi ya duka la vifaa vya ujenzi si kitu cha kumpaka kiumbe hai. Samahani kuku_wa_kienyeji.

kuku_wa_kienyeji

Nimesamehe daktari. Ila daftari la babu lina miaka zaidi ya ishirini na bado linafunguka. Tutaonana 2045 tuone hiyo LibreOffice.

fundi_jedwali

Hapo kuku kasema kweli. Dada, kila mwisho wa mwezi printi karatasi ya MATUKIO, itie kwenye faili la chuma, na nakala kwenye flashi iliyokaa NYUMBA NYINGINE. Moto na mwizi hawachagui.

mhasibu_wa_pongwe

Wakuu, imepita wiki ya sita, nimerudi kutoa mrejesho maana nachukia mtu anayesaidiwa akapotea.

Nimeingiza daftari la pili lote, mstari kwa mstari, kwa mtindo wa jono. Sikutafsiri chochote. Babu alipoandika "Kibiongo yumo" nimeandika "Kibiongo yumo" kwenye maelezo, na kolamu ya baba nikaiacha tupu. SMS za kijana zinakuja kila jioni, tumekubaliana maneno mafupi: "K12 anachimba", "K12 kafukia", "K03 hali". Siku moja alituma "K09 na K01 wanapigana" saa nane usiku, sijui alikuwa anafanya nini huko saa hizo, lakini imeandikwa.

Sasa sikilizeni. Nilipopanga matukio kwa jina la kobe, nikafika kwa Sikitu. Mwaka 2011 Sikitu kataga 11 karibu na mpera, ile niliyowaonyesha. Siku tisa baadaye, kurasa mbili mbele, Sikitu kataga 7 kwenye uzio wa michongoma. Kobe anataga zaidi ya mara moja kwa msimu, hilo sawa, lakini kwenye madaftari yote matatu hakuna mwingine aliyerudia chini ya wiki tatu. Nikaangalia uzito. Mwaka 2008 Sikitu kilo 15. Mwaka 2018, siku ya chipu, Sikitu kilo 9. Nimefanya kazi dukani, saruji inapungua ghalani kwa njia moja tu. Nikajua kuna mtu kaiba kobe.

Nikamwendea babu, alikuwa amekaa barazani anakunywa kahawa. Nikamwambia babu, Sikitu wako kapungua kilo sita. Akaniuliza, yupi?

Yupi!

Kumbe walikuwa wawili. Mama na binti. Binti alitotolewa 1999, akaanza kutaga 2010, na tangu mdogo alikuwa anaitwa Sikitu kama mama yake. Nikasema babu, watu wawili jina moja kwenye daftari moja, mwenzio nitajuaje? Akanitazama kama mimi ndiye mwenye kasoro. Akasema wewe jina lako ni la nani? La mama yangu mzazi, na alikuwa hai, na siku zote tulipoita jina mlikuwa mnajua nani aitike.

Mkubwa alikufa 2014. Lipo kwenye daftari, nimelipata: "Tumemzika Sikitu." Mimi nilisoma hapo, nikaona Sikitu anataga tena 2015, nikadhani babu kakosea mwaka.

Kwa hiyo kuanzia 2010 mpaka 2014 nina matukio 19 ya Sikitu na sijui ni yupi. Na siwezi kusema yaleyale, maana mkubwa alikuja kutoka porini na mdogo kazaliwa hapa. Watoto wa mmoja na wa mwenzake huenda wasiwe kizazi kimoja kwenye karatasi. Mzee wa Ruvu, nilikuona kabisa ukitikisa kichwa kule Kiwangwa. Nimewapa namba mbili, K07 ni mdogo, K42 ni marehemu, na hiyo haigusi mtu tena.

Nikamuuliza babu, na Kibiongo yumo maana yake nini? Akasema yumo maana yake yumo. Alikuwa na tabia ya kugonga wenzake kwa gamba, wakati mwingine wanamtoa wanamfungia peke yake. Siku akiwa zizini aliandika yumo ili kijana wa zamu awe macho. Ubaba hakuufikiria hata kidogo. Ningeandika Kibiongo kwenye kolamu ya baba miaka ishirini, daktari, na ningeapa.

Na huenda ndiye baba wa Sikitu mdogo mwenyewe. Mwaka 1999 madume walikuwa wawili, yeye na Afande. Nimeandika "K01, K05, au wa kabla" kama ulivyosema, imeniuma, lakini nimeandika. Sasa nimemtenga mdogo na wote wawili.

Kilichonipa nguvu ni mpera. Babu anasema mkubwa hakuwahi kutaga mahali pengine, miaka yote aliyokaa hapa, ni chini ya mpera upande wa jua. Mdogo alikuwa akienda kwenye michongoma. Yale maneno ya "karibu na mpera" nilikuwa nayaruka mwanzoni, niliona ni mapambo. Nikarudi kwenye 19: 12 yana mahali, nane ya mpera na manne ya michongoma. Saba hayana kitu, na hayo yamebaki "K07 au K42", yatabaki hivyo. Kaka fundi, nimeongeza kolamu ya MAHALI kwenye karatasi ya pili.

Jana jioni nikiwa naandika haya ikaingia SMS: "K07 anachimba. Mpera."

Nikampigia babu moyo unanidunda, maana kanuni yangu yote inalala hapo. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema si mama yake kaondoka, nafasi ipo wazi.